Kibaraza cha mawe uani penye mteremko: tazama chini kabla ya kununua mawe

Ndugu Mhariri,

Masika yamekwisha, udongo umekauka, na kwa sisi tunaoshughulika na ujenzi huu ndio msimu wa vibaraza. Wenye nyumba katika vilima vya Goba, Kimara, Salasala, Makongo Juu na Kibamba wanataka sehemu ya kukaa nyuma ya nyumba: sakafu ya mawe iliyonyooka, viti viwili vitatu, jiko la mkaa pembeni, upepo wa jioni. Naomba nafasi katika safu yako niseme nao kabla hawajaagiza lori la kwanza, pamoja na wenzao wa Mwanza, Bukoba na popote pale ambapo uani pana mteremko.

Kurasa za nyumba magazetini huonyesha kibaraza kikiwa kimeshaoshwa na maua yamepangwa. Mawe yanaonekana, kilicho chini yake hakionekani, na kibaraza cha mlimani huharibika kuanzia chini. Ukiona mawe ya ukingo wa nje yamezama sentimita 4 au 5 na maji yanatuama hapo, usimlaumu muuza mawe. Ukigonga jiwe likatoa sauti ya uwazi, mchanga wake umeshaondoka. Ukuta wa chini ukitoa kitumbo, nyuma yake kuna maji yaliyokosa njia. Mara nyingi yote matatu yana chanzo kimoja: fedha ziliishia kwenye mawe ya juu, na kazi ya kujaza, kushindilia na kutoa maji ikafanywa kwa haraka kwa kilichobaki.

Tuanze na vipimo. Macho hudanganya kwenye mteremko, hasa uzio ukiwa umejengwa kwa kupanda ngazi. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa nusu inchi na urefu wa mita 10 hadi 15, unatosha kabisa, na kwa umbali huo ni wa kuaminika kuliko pima maji fupi iliyolazwa juu ya ubao uliopinda. Jaza maji polepole upande mmoja mpaka mapovu yote yatoke. Povu likibaki katikati ya mpira, kipimo kinaweza kukosea kwa sentimita kadhaa na hutajua. Simika kigingi kimoja kwenye ukuta wa nyumba na kingine mahali kibaraza kitakapoishia, weka alama ya usawa mmoja kwenye vyote viwili, kisha pima kutoka kila alama hadi ardhini. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mteremko wako.

Nichukue mfano mmoja na niende nao mpaka mwisho. Kibaraza cha mita 5 kando ya nyumba na mita 4 kwenda nje. Ardhi inashuka sentimita 60 katika hizo mita 4. Sakafu ya ndani iko sentimita 45 juu ya ardhi kwenye mlango wa nyuma. Ili kona zikae mraba, pima mshazari, kona hadi kona inayoikabili: kwa mita 5 kwa 4 uwe mita 6.40 pande zote mbili. Ukipishana zaidi ya sentimita 2, sogeza vigingi sasa, kabla mawe hayajaanza kukulazimisha kukata vipande vya pembetatu kwenye ukingo.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni kibaraza kiwe juu kiasi gani, na hapo wengi hujipa mzigo bila sababu. Mwenye nyumba hutaka atoke mlangoni akanyage mawe moja kwa moja. Lakini uso wa kibaraza lazima uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, ili mvua ya kurukaruka isiloweshe ukuta juu ya tabaka la kuzuia unyevu. Kwa mfano wetu, ukijenga kwa kimo hicho, uso utakuwa sentimita 30 juu ya ardhi mlangoni. Ukitoa mwinamo wa kumwaga maji, ukingo wa nje unabaki sentimita 82 juu ya ardhi. Sasa weka ngazi mbili mlangoni, mtu ashuke mara tatu za sentimita 15, na kibaraza kilale sawa na ardhi ya pale nyumbani. Ukingo wa nje unabaki sentimita 52. Nguvu ya udongo kusukuma ukuta hukua kwa kimo mara kimo: ukiongeza kimo mara 2, msukumo unakuwa mara 4. Kwa hiyo ukuta wa sentimita 82 unasukumwa karibu mara mbili na nusu ya ule wa 52. Ngazi mbili za tofali zimekuondolea mzigo wote huo.

Neno «kunyooka» nalo lisimchanganye mtu. Sakafu ya mawe ya nje haiwi sawa kama meza. Iinamie nje kwa sentimita 2 kila mita, yaani sentimita 8 katika mita 4. Mawe ya asili yana mabonde madogo usoni. Ukiweka sentimita 1 kwa mita, maji yanabaki kwenye mabonde hayo, ukungu unaota na watu wanateleza. Kiti hakitambui mwinamo wa sentimita 2 kwa mita.

Kabla ya jembe la kwanza, jua kilichopo chini. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina chemba na shimo la maji taka uani. Usijaze kifusi juu ya shimo la kunyonya: mzigo wa ziada unaweza kuvunja mfuniko wake, na lori la kunyonya maji taka likija halitapata pa kuingiza mpira. Chemba ikiwa ndani ya eneo, ipandishe kwa tofali na lipu hadi usawa wa mawe, uiwekee mfuniko unaoinuliwa. Bomba la maji safi lisibaki chini ya tani 2 za mawe, lihamishie pembeni. Mwembe au mwarobaini ulio karibu utainua mawe kwa mizizi, na ukiikata mizizi ya upande mmoja umeuandaa mti kuanguka. Ni afadhali kusogeza kibaraza.

Ukuta wa kuzuia udongo unakaa upande wa chini, na watu husahau kwamba unapanda pia pande mbili za mbavuni hadi kukutana na ardhi karibu na nyumba. Kwa mfano wetu ni mita 5 mbele na mita 4 kila ubavu, jumla mita 13. Anayenunua mawe ya mita 5 tu ataona kifusi kikitoka pembeni.

Kwa kimo kama hiki napendelea ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Maji yanapita penyewe, na udongo ukitulia kidogo ukuta nao unajipanga bila kupasuka. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 60, ufike kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa, kina cha sentimita 30. Mwaga kokoto sentimita 10 na uzishindilie, kisha panga safu ya kwanza kwa mawe makubwa kuliko yote, yazame chini ya ardhi. Ukuta utakuwa na kimo cha sentimita 72 kwa jumla, 20 zikiwa zimezikwa. Upana wa kitako usipungue sentimita 45, na uso wa nje uegemee mlimani sentimita 1 kwa kila 6 za kwenda juu, hivyo kileleni unafika na upana wa sentimita 33 hivi. Jiwe moja likae juu ya mawili, na mawili juu ya moja; ufa wa wima ukipita safu tatu mfululizo, hapo ndipo ukuta utakapofunguka. Kila mita moja ya urefu weka jiwe refu linalopita kutoka uso wa mbele hadi nyuma, kulifunga tumbo la ukuta na mgongo wake. Matundu ya ndani yajazwe kwa vipande vya mawe vilivyopigwa kwa nyundo vikakaza. Udongo usiingie humo. Jumla ya mawe ya ukuta ni mita za ujazo 3 hadi 3.5.

Mawe ya Kunduchi yanafaa ukichagua yenye pande mbili bapa. Yale ya mviringo yaache kwa msingi wa nyumba, ambako saruji itayashika. Mawe magumu ya Lugoba ni mazuri zaidi, ila tindo itachoka na fundi atadai zaidi, na ana haki.

Anayetaka ukuta wa saruji ajenge kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 4, na aweke vipande vya bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu, karibu na ardhi, vikiinamia nje. Vipande hivi ndivyo mafundi huvisahau, au huvipiga lipu wakidhani vinaharibu sura. Ukuta usio na matundu umekuwa tangi. Tazama hesabu: ukuta wa mita 1 ukishika udongo mzuri uliotiririsha maji yake, husukumwa na takriban kilo 300 kwa kila mita ya urefu. Maji yakijaa nyuma yake hadi juu, msukumo unapita kilo 600. Udongo ni uleule na ukuta ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba maji hayana pa kutokea. Ndiyo maana kuta zetu huanguka usiku wa mvua na si mchana wa jua.

Kwa hiyo, ukuta uwe wa saruji au mkavu, nyuma yake lazima kuwe na tabaka la kokoto tupu zisizo na vumbi, unene wa sentimita 30, kutoka chini hadi sentimita 15 kabla ya kilele. Chini kabisa laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini, likishuka sentimita 1 kwa mita hadi kutokea nje ya kona. Wengi hugeuza matundu juu wakidhani maji yaingie kama mvua, kumbe maji hupanda kutoka chini, na bomba lililogeuzwa huanza kazi baada ya kitako cha ukuta kuwa kimeshalowa. Kati ya kokoto na kifusi tandaza kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Bila kitambaa, udongo laini utaingia kwenye kokoto, na baada ya masika mbili tatu tabaka lote limeziba. Gunia la katani lililotandazwa mahali pake huoza. Kokoto za tabaka hili ni kama mita 1 ya ujazo kwa upande wa mbele. Ongeza kidogo kwa mbavu.

Niseme wazi juu ya uzio. Katika viwanja vyetu vidogo, mtu huona ukuta wa uzio wa tofali za inchi 6 umekaa chini ya mteremko na kusema: ukuta si huu hapa? Anamwaga kifusi mpaka karibu na kilele, anapanga mawe. Uzio ulijengwa kuzuia macho na wezi. Msingi wake ni mwembamba, hauna uegemeo, hauna matundu, na nguzo zake ziko mbali. Ukijazwa udongo upande mmoja unainama taratibu, na upande wa pili ni kwa jirani, mara nyingi ni njia ya watoto au choo cha nje. Jenga ukuta wako, acha nafasi ya kupita mtu kati yake na uzio, na nafasi hiyo itumike kupitisha maji.

Sasa kujaza. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye nyasi na mizizi, sentimita 15 hivi, uuweke kando kwa bustani. Mizizi ikizikwa huoza na kuacha mapango. Halafu kata mteremko uliobaki uwe ngazi pana za sentimita 60 hadi 100, kila moja ikiinamia kidogo ndani ya mlima. Kifusi kilichomwagwa juu ya mteremko laini kina njia ya kuteleza. Kikiwa juu ya ngazi kinakaa. Hatua hii haigharimu chochote isipokuwa jasho, na bado ndiyo inayorukwa kuliko zote. Karibu na nyumba usichimbe chini ya kitako cha msingi. Na kwa tahadhari, fikiria mstari unaoshuka nyuzi 45 kutoka kitako hicho kwenda nje: udongo ulio chini ya mstari huo umebeba nyumba, usiuguse.

Kifusi kiwe moramu au udongo mwekundu wenye changarawe. Mfinyanzi mweusi usikubali hata kwa bure, maana huvimba masika na kupasuka kiangazi. Kifusi cha nyumba iliyobomolewa chenye vipande vya tofali, mbao na mifuko ya plastiki nacho hakifai. Kwa mfano wetu, ukiwa umeondoa udongo wa juu na kutenga sentimita 17 za tabaka za mwisho, kina cha kujaza ni kama sufuri pale nyumbani na sentimita 50 kwenye ukuta, wastani 25. Mara mita za mraba 20, ni mita za ujazo 5 zilizoshindiliwa. Zikiwa huru kwenye lori, agiza 6.5. Usiagize kwa «tripu». Pima bodi la lori kwa futi ya chuma, urefu mara upana mara kina: bodi la mita 4 kwa 2 lililojazwa sentimita 60 ni mita za ujazo 4.8, na hapo utajua kama unahitaji lori moja au mawili.

Mwaga tabaka la sentimita 15, lisawazishe, lishindilie hadi libaki 11 au 12, ndipo umwage jingine. Ukiwa na chombo cha mkono badala ya mashine, tabaka lisizidi sentimita 10. Hata mashine ya sahani, ile inayotetemeka, haifikishi nguvu chini ya sentimita 15. Ukijaza sentimita 50 kwa mara moja na kupita juu mara kumi, umekaza ganda tu, chini kumebaki laini. Unyevu ujue kwa mkono: finya konzi ya udongo, ukishikamana na kuvunjika vipande vichache ukiudondosha, uko sawa. Ukimeguka kuwa vumbi, nyunyizia maji. Ukiacha maji kiganjani, subiri jua. Katika sentimita 50 zinazopakana na ukuta tumia chombo cha mkono tu, kwa sababu mashine ya kilo 90 inayotetemeka itausukuma ukuta ambao haujakaa sawa. Ukimaliza, chukua nondo ya milimita 12 uisukume chini kwa uzito wako sehemu mbalimbali. Isipite sentimita 2 au 3. Inapozama kama kisu, fukua hapo.

Juu ya kifusi weka sentimita 10 za kokoto mchanganyiko, kuanzia vumbi lake hadi za milimita 20 au 30 zikiwa pamoja. Ukiagiza kokoto safi za zege, zote za ukubwa mmoja, zitakuwa zinatembea chini ya miguu. Ni vumbi linaloingia katikati ndilo linalozifunga. Mita za ujazo 2.5 zinatosha. Tabaka hili ndilo libebe mwinamo kamili wa sentimita 2 kwa mita. Fundi anayesema «mwinamo tutaupata kwenye mchanga» atakuwa na mchanga wa sentimita 2 upande mmoja na 10 upande mwingine, na ule wa 10 utazama.

Mchanga wa kulazia ni wa mto, wa punje kubwa, au vumbi la kokoto, unene wa sentimita 3. Mchanga wa pwani ni laini mno, una chumvi, na kuuchota kunakula fukwe zetu. Laza mabomba mawili ya mraba ya inchi 1 juu ya kokoto, mwaga mchanga, vuta rula juu ya mabomba, yatoe, jaza mifereji yake. Tandaza eneo la kutosha kazi ya saa mbili tatu tu, na usikanyage. Pale mchanga unapokutana na ukuta mkavu, pandisha kile kitambaa mpaka chini ya jiwe la kilele. Mchanga unaotoroka kupitia nyufa za ukuta ndio chanzo cha yale mawe ya ukingoni yanayotoa sauti ya uwazi baada ya mvua za kwanza.

Mawe yenyewe sasa, na hapa nitapita haraka maana kila mtu ana macho. Mawe bapa yanayouzwa kwa jina la mawe ya Tanga ni mazuri, mradi unene uwe sentimita 4 hadi 5. Ya sentimita 2 ni ya kubandika ukutani. Juu ya mchanga yatavunjika mguu wa kiti ukikaa ukingoni. Kwa unene wa sentimita 4, mita 1 ya mraba ina uzito wa kama kilo 100, hivyo kibaraza chetu ni tani 2. Nunua mita za mraba 22 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa. Anza na makubwa kwenye kingo zote, jaza ndani, vidogo viishie katikati. Mwanya uwe sentimita 1 hadi 2.5, na mianya minne isikutane mahali pamoja. Kila jiwe lipimwe kwa rula dhidi ya jirani zake na kugongwa kwa nyundo ya mpira. Jiwe likicheza, linyanyue na urekebishe mchanga. Kusokomeza kijiwe chini ya kona kunalifanya likae juu ya nukta moja, na siku atakapolikanyaga mtu mnene litapasuka. Mashine ya kushindilia isipite juu ya mawe haya.

Mawe ya kilele cha ukuta peke yake ndiyo yashikwe kwa saruji 1 na mchanga 4. Mfuko 1 wa kilo 50 hukaribia kutosha mita zote 13, nunua 2. Mianya ya sakafu ijazwe vumbi la kokoto, ufagie, unyunyize maji, ufagie tena. Wateja wengi hudai saruji kwenye mianya ili majani yasiote. Juu ya kifusi chochote saruji hiyo itapasuka, maana chini yake pana tabaka linaloweza kutulia kwa milimita chache kila masika. Zege la sentimita 10 lenye wavu chini ya mawe linafaa pale ambapo ardhi yote imechimbwa na hakuna kifusi. Juu ya kifusi chagua mchanga: jiwe likizama mwaka wa pili utalinyanyua na kulirudisha kwa nusu saa, wakati zege likipasuka unavunja kibaraza kizima. Mahali sakafu inapokutana na ukuta wa nyumba acha mwanya bila kubandika.

Maji ya juu ya kibaraza nayo yapewe njia. Yakimwagika juu ya ukuta yatachimba kitako chake. Panga safu ya mwisho ya mawe kabla ya kilele ikiwa chini kwa sentimita 1.5, ishuke taratibu kuelekea kona moja, iingie kwenye bomba la inchi 4. Maji ya paa yasiguse kibaraza kabisa: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 ni lita 5,000, na bomba la gata likiachwa kumwaga juu ya mawe litasafisha mchanga wote chini yake. Yapeleke kwenye tangi au mtaro.

Ambao kiwanja chao kinashuka kuelekea nyumba wana kazi tofauti. Wao huchimba mlima, ukuta unakaa upande wa juu, na sakafu lazima iinamie mbali na nyumba, kuelekea mfereji ulio chini ya ukuta huo. Mfereji uzunguke nyumba hadi mbele. Mita 1 nyuma ya kilele cha ukuta chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 wa kukinga maji ya mlimani kabla hayajafika.

Na kama mteremko unadai ukuta wa zaidi ya mita 1, au chini yako kuna nyumba ya mtu, vipimo vyangu visitumike. Gawanya kimo: kuta mbili za sentimita 60, zikiachana angalau sentimita 120, ni salama kuliko moja ya 120, na katikati unapanda maua. Zikikaribiana kuliko hapo, ya juu inaikandamiza ya chini na zinafanya kazi kama ukuta mmoja mrefu. Kwa kimo hicho tafuta mhandisi aliyesajiliwa, na ukingo wowote unaozidi sentimita 60 uwekewe kizuizi cha mita 1 kwa ajili ya watoto.

Kwa manispaa zetu nina ombi moja. Mchoro wa nyumba unaoombewa kibali kwenye kiwanja chenye mteremko uonyeshe pia uani: udongo utashikwa na nini, na maji yatatokea wapi. Leo ugomvi wa maji kati ya jirani wa juu na wa chini unafika ofisi ya serikali ya mtaa wakati ukuta umeshalala, na mwenyekiti hana cha kufanya isipokuwa kuwasuluhisha watu wawili waliolowa.

Kwa atakayejenga kiangazi hiki: vuli ikianza, toka na mwavuli ukatazame lile bomba la nyuma ya ukuta linapotokea kwenye kona. Mvua ya kwanza na ya pili maji yatakuwa mekundu, ni vumbi la ujenzi linaoshwa. Kuanzia ya tatu au ya nne yawe meupe. Yakiendelea kuwa mekundu, kitambaa kimepasuka au hakikufika, na kifusi chako kinatoka nje kidogokidogo. Fungua upande huo mara mvua ikikata, wakati bado ni mawe kumi ya kunyanyua.

Fundi mwashi,
Goba, Dar es Salaam